Kabla ya Jiwe la Msingi: Udongo Unaogeuka Uji Wakati wa Tetemeko



Ndugu msomaji, somo letu la toleo hili linaanzia sokoni. Mwangalie mama anayepima mchele kwa kopo. Akilijaza bila kulitikisa, kopo linaonekana limejaa hadi juu. Mteja mzoefu huomba ligongwe kidogo pembeni. Mchele unashuka, na hapo inapatikana nafasi ya kuongeza kiganja kizima. Hakuna punje iliyopotea. Punje zilikuwa zimeegemeana ovyo, zimeacha matundu katikati. Mtikisiko umezipanga upya, zikakaribiana.

Sasa tuulize swali moja la darasani. Kama yale matundu yangekuwa yamejaa maji, na maji hayo hayana pa kutokea haraka, ingekuwaje? Punje zinataka kushuka, lakini maji yamekalia nafasi yao. Swali hilo linaonekana dogo, lakini jibu lake limelaza magorofa kule Japani na kuhamisha mitaa mizima kule Indonesia. Wahandisi wanaliita jambo hili likwifaksheni, yaani udongo kugeuka kimiminika. Mtu ambaye si mhandisi angesema kwamba ardhi imegeuka uji.

Viwanja viwili

Tuchukue mfano wa kubuni, utufuate hadi mwisho wa somo.

Wengi wetu tumetoka milimani. Ukifika Gashoho, huko Muyinga, unaona nyumba zimekaa mgongoni mwa mlima, migomba imezizunguka, na chini kabisa kuna bonde lenye kinamasi. Kiangazi kikifika, bondeni hulimwa mboga na maharage, na hapo hapo watu hufyatua matofali. Sura hiyo hiyo utaikuta ukienda pande za Gitega. Zamani bondeni palikuwa pa kulima tu. Siku hizi watu wameongezeka, ardhi ya mlimani imegawanywa mara nyingi baina ya warithi, na macho ya wajenzi yameanza kuteremka.

Tuseme jamaa wa kijiji kimoja wanataka kujenga madrasa. Mzee mmoja ametoa waqfu kiwanja kidogo kilichoko mlimani. Mwingine ametoa kiwanja kikubwa, tambarare, kando ya kinamasi, ambapo ukichimba mita moja tu unakuta maji. Wanakupigia simu wewe uliyeko chuo kikuu: "Mwanetu, wewe umesoma. Tujenge wapi?" Wengi wao wanapenda bondeni. Eneo ni kubwa, hakuna kazi ya kusawazisha, na maji ya udhu yako karibu.

Utawajibu nini? Na jibu lako litatokana na elimu au na kubahatisha?

1. Kinachotokea chini ya miguu yetu

Udongo wa mchanga hauna gundi. Kinachoufanya ubebe nyumba ni msuguano baina ya chembe na chembe. Chembe ya juu inaikandamiza ya chini, nayo inaikandamiza iliyo chini yake, na kadiri zinavyokandamizana ndivyo zinavyoshikana. Ukiondoa mkandamizo huo, msuguano unakwisha, na nguvu ya mchanga inakwisha pamoja nao.

Aliyeiweka kanuni hii wazi ni Karl Terzaghi, mhandisi mzaliwa wa Prague. Majaribio yake ya mwanzo aliyafanya Istanbul alipokuwa akifundisha huko, na mwaka 1925 akachapisha kitabu kilichoanzisha taaluma ya umakanika wa udongo. Kanuni yenyewe ni hesabu ya kutoa: uzito wote unaokandamiza udongo mahali fulani, ukitoa shinikizo la maji yaliyomo kwenye matundu, unapata mkandamizo halisi baina ya chembe. Huo mkandamizo halisi ndio unaobeba nyumba.

Tuifanye hesabu hiyo kwenye kiwanja cha bondeni. Tuseme mita moja ya ujazo ya udongo wake ina uzito wa tani 1.8, na maji yanaanzia kina cha mita 1. Tunataka kujua hali ilivyo kwenye kina cha mita 4.

Uzito wote juu ya kila mita moja ya mraba: 4 × 1.8 = tani 7.2.
Shinikizo la maji: mita 3 za maji, yaani tani 3.
Mkandamizo halisi: 7.2 − 3 = tani 4.2.

(Mwanafunzi wa fizikia azidishe kwa 9.8 apate kilonewtoni kwa mita ya mraba.)

Sasa tetemeko linakuja. Ardhi inakwenda huku na huku kwa sekunde kadhaa, na kila mtikisiko unazisukuma chembe zikae karibu zaidi. Maji hayakubali kubanwa, na kwa sekunde chache hizo hayapati njia ya kutoka. Kwa hiyo uzito uliokuwa umebebwa na chembe unahamia kwenye maji, na shinikizo lake linapanda: tani 3, tani 4, tani 6. Likifika 7.2, hesabu inakuwa 7.2 − 7.2 = 0. Chembe hazishikani tena. Zinaelea. Mahali hapo, kwa muda huo, hakuna ardhi ngumu. Kuna maji mazito yaliyochanganyika na mchanga.

Baadaye maji yanatafuta njia, yanapanda juu kwa nguvu na kubeba mchanga. Ndiyo sababu baada ya tetemeko la namna hii huonekana vichuguu vidogo vya mchanga uwanjani, kila kimoja na tundu katikati, mfano wa volkano ndogo. Mtaalamu akiviona anajua kilichotokea chini.

Rudia hesabu hiyo kwa misimu miwili. Katika kiangazi kikali, maji yakishuka hadi kina cha mita 3, mkandamizo halisi kwenye mita 4 ni 7.2 − 1 = tani 6.2. Katika masika, maji yakifika usawa wa ardhi, ni 7.2 − 4 = tani 3.2. Udongo ni ule ule, lakini akiba yake ya nguvu imepungua karibu nusu kwa sababu ya maji kupanda tu. Shika nukta hii. Tutaihitaji tukifika Bujumbura.

2. Masharti matatu

Ili udongo ugeuke uji lazima mambo matatu yakutane. Likikosekana moja, jambo halitokei.

Kwanza, udongo uwe mchanga legevu au tope laini la mchanga, lisilo na mfinyanzi wa kutosha wa kuzinatisha chembe. Udongo wa namna hii hupatikana pale ambapo maji yaliuleta na kuutua karibuni, kwa hesabu ya umri wa ardhi: kingo za mito, midomo ya mito, fukwe za maziwa, na vifusi vilivyomwagwa bila kushindiliwa.

Pili, udongo huo uwe umeshiba maji. Mchanga mkavu ukitikiswa hushuka kidogo na kutulia, kama ule mchele wa kopo.

Tatu, mtikisiko uwe na nguvu na muda wa kutosha. Tetemeko la ukubwa wa 5 huweza kuleta madhara haya karibu sana na kitovu chake tu. Likifika ukubwa wa 7, huweza kuyaleta makumi ya kilomita kutoka kwenye kitovu.

3. Ardhi inavyoshindwa

Ardhi iliyogeuka uji haishindwi kwa namna moja. Tuzitaje nne.

Kuzama na kuinama. Jengo zito linazama upande mmoja kuliko mwingine. Mnamo tarehe 16 Juni 1964, mji wa Niigata nchini Japani ulipigwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.5. Katika mtaa wa Kawagishi-cho magorofa ya zege yaliinama, na moja lililala karibu kabisa. Zege lenyewe halikupasuka sana. Mhandisi wa zege alikuwa ametimiza kazi yake. Ardhi ndiyo iliyoondoka chini yake.

Kuelea. Kitu chepesi kilichofukiwa, kama tangi tupu au shimo la maji machafu, husukumwa juu hadi kikatokeza uwanjani.

Kutanuka kuelekea mtoni. Tabaka la juu, likiwa limekauka na kushikamana, linateleza juu ya tabaka lililogeuka uji na kuelekea kwenye ukingo wa mto au ziwa. Mteremko mdogo sana unatosha, hata ule ambao macho yanauona tambarare. Nyufa ndefu hufunguka, nguzo za madaraja zinasukumwa, mabomba yanakatika.

Kutiririka. Hii ndiyo mbaya kuliko zote, na mfano wake tuuchukue Palu.

Palu ni mji wa kisiwa cha Sulawesi nchini Indonesia, na wakazi wake wengi ni Waislamu. Siku ya Ijumaa, tarehe 28 Septemba 2018, saa 12 na dakika mbili jioni, wakati wa Magharibi, tetemeko la ukubwa wa 7.5 liliupiga. Watu zaidi ya 4,000 walipoteza maisha, kwa kubomoka majumba, kwa mawimbi ya bahari, na kwa ardhi iliyotiririka. Katika mitaa ya Petobo na Balaroa nyumba zilibebwa pamoja na barabara na miti, nyingine mamia ya mita kutoka mahali pake, zikafunikwa na tope. Mteremko wa maeneo hayo ni mdogo. Mtu angeweza kuupanda kwa baiskeli bila kuhema. Watafiti walipochunguza walikuta jambo la kutuliza akili: upande wa mashariki wa bonde, ardhi iliyotiririka ilikuwa imefuatana na mfereji wa kumwagilia mashamba ya mpunga. Kwa miaka mingi mfereji ule ulikuwa umeyapandisha maji ya ardhini. Watu walileta maji kwa ajili ya riziki, na ni jambo jema. Lakini hakuna aliyerudi kuwauliza wanaojenga jirani kama ardhi yao bado ni ile ile.

Mfano wa mwisho una somo kwa historia ya taaluma yetu. Tarehe 17 Agosti 1999 tetemeko liliipiga Uturuki kaskazini magharibi na kuua zaidi ya watu 17,000. Katika mji wa Adapazarı, uliojengwa juu ya udongo ulioletwa na mto, majengo mengi yalizama na kuinama. Adapazarı uko mashariki ya Istanbul, mji ule ule ambako Terzaghi alipima udongo wake miaka zaidi ya 70 nyuma. Elimu ilikuwepo nchini. Haikuwa imefika kwenye kila kiwanja.

4. Na sisi je?

Msomaji anaweza kusema: Japani, Indonesia na Uturuki ziko mbali. Tuje nyumbani.

Tunaishi kando ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ambako Afrika inapasuka polepole. Ziwa Tanganyika lenyewe limekaa ndani ya ufa huo. Tarehe 13 Desemba 1910, tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4 lilitokea upande wa Rukwa, kusini mwa ziwa hilo. Tarehe 20 Machi 1966, eneo la Toro nchini Uganda lilipigwa na watu zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea eneo la Ziwa Tanganyika. Nyumba zilianguka Kalemie, na mtikisiko ukasikika hadi Nairobi. Tarehe 3 Februari 2008 ikawa zamu ya Bukavu na upande wa Rwanda, kwa tetemeko la ukubwa wa 5.9.

Kisha likaja lile ambalo ndugu zetu wa Muyinga wanalikumbuka, maana lilitokea jirani. Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, mahujaji wakiwa njiani kuelekea Mina, mkoa wa Kagera nchini Tanzania ulitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9. Zaidi ya watu 15 walifariki, mamia wakajeruhiwa, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Tuwe waadilifu katika kusema: Kagera maafa yalitokana hasa na mtikisiko na udhaifu wa kuta, sio ardhi kugeuka uji. Kitovu kilikuwa chini sana, takriban kilomita 40, na ukubwa haukufika 6. Somo la Kagera ni la matofali na mikanda ya zege, nalo linastahili makala yake.

Je, jambo letu limewahi kutokea kwenye Bonde la Ufa? Ndiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Februari 2006, eneo la Machaze nchini Msumbiji, kwenye ncha ya kusini ya mfumo huo wa Bonde la Ufa, lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.0. Watafiti waliofika huko waliona ardhi iliyopasuka na mchanga uliorushwa juu kutoka chini. Waliokufa walikuwa wachache, kwa kuwa eneo lile lina watu wachache. Tambarare ile ile ingekuwa na mji juu yake, tungekuwa na habari nyingine.

Sasa tuweke ramani mezani. Gashoho iko kwenye nyanda za juu. Mlimani chini ya udongo mwekundu kuna mwamba wa zamani sana, na maji yako mbali. Sharti la kwanza na la pili hayapo, kwa hiyo mgongo wa mlima haugeuki uji. Bondeni maji yapo, na mchanga unaweza kuwepo katikati ya matabaka ya mfinyanzi na mboji. Lakini ufa wenyewe uko kama kilomita 100 upande wa magharibi, kwa hiyo mtikisiko ukifika umeshapungua. Hatari ipo, lakini ni ndogo.

Bujumbura ni habari nyingine. Kijana wa Gashoho au wa Gitega akihitimu, mara nyingi anateremka kutafuta kazi huko, na akijaliwa anajenga huko. Na tambarare ya Imbo imekaa ndani ya ufa wenyewe. Imeundwa kwa mchanga na tope la mito, Rusizi ukiwa mkubwa wao, na Ntahangwa, Muha na Kanyosha ikiteremka kutoka milimani. Ukisogea ziwani, maji ya ardhini yako karibu. Masharti mawili yanaelekea kutimia kwa maumbile, na la tatu lipo mkononi mwa Mwenyezi Mungu.

Halafu kumbuka hesabu yetu ya misimu miwili. Katika miaka ya karibuni Ziwa Tanganyika limepanda sana, na watu wa Gatumba wamehama makwao kwa sababu ya mafuriko. Tunapoyaona maji juani tunayahesabu kuwa ni msiba wa mafuriko, na ni kweli. Lakini ziwa likipanda, maji ya chini ya ardhi nayo yanapanda kwenye viwanja vya jirani ambavyo havijafurika. Nyumba iliyo kavu leo inaweza kuwa imepoteza sehemu ya akiba ya udongo wake bila mwenyewe kujua.

5. Kuuliza udongo

Vipimo vingine havihitaji fedha, na mwanafunzi anaweza kuanza navyo.

Uliza kisima. Waulize majirani maji yako kina gani kiangazi na kina gani masika. Chukua jibu la masika.

Uliza wazee. Mto ulipita wapi zamani? Palikuwa na dimbwi hapa likafukiwa? Mkondo wa zamani uliofukiwa ni mahali pa kuogopwa.

Chimba na utazame. Ukishachimba mita mbili au tatu kwa uangalifu, uone matabaka. Chukua udongo uliolowa, ujaribu kuufinyanga kuwa uzi mwembamba kama kalamu. Ukikubali bila kukatika, una mfinyanzi wa kutosha. Ukimeguka na kuacha maji kiganjani, ni mchanga au tope laini.

Tumia chupa. Weka udongo kwenye chupa nyeupe, jaza maji, tikisa, kisha uiache. Mchanga unatua ndani ya dakika moja hivi, tope laini linachukua saa kadhaa, mfinyanzi unaweza kukesha. Utaona tabaka gani ni nene.

Hivyo vinakwambia kama kuna sababu ya kuogopa. Havitoi ruhusa ya kujenga gorofa. Kwa msikiti mkubwa, shule au hosteli ni lazima mtaalamu afanye kipimo cha kupigilia: nyundo ya kilo 63.5 inaangushwa kutoka urefu wa sentimita 76 juu ya chuma kilichosimamishwa, na yanahesabiwa mapigo yanayohitajika ili chuma kizame sentimita 30. Kikizama kwa mapigo yasiyofika 10, mchanga ni legevu. Mchanga safi unaodai mapigo zaidi ya 30 hivi, baada ya hesabu kusahihishwa kwa kina, kwa kawaida haugeuki uji. Mwaka 1971 Harry Bolton Seed na I. M. Idriss, watafiti wa udongo nchini Marekani, walichapisha njia ya kulinganisha nguvu ya udongo na nguvu ya mtikisiko, na njia hiyo, pamoja na marekebisho yake, inatumika hadi leo.

6. Dawa

Dawa ya kwanza ni ya bei nafuu kuliko zote: hama. Chagua kiwanja cha juu, na kama ni lazima ujenge tambarare, kaa mbali na ukingo wa mto au ziwa. Mlimani nako usijenge kwenye ukingo wa mteremko mkali, kwa maana huko kuna hatari ya maporomoko.

Ya pili ni kuutengeneza udongo: kuushindilia kwa mashine hadi chembe zikaribiane, au kuchimba visima vya kokoto vinavyoyapa maji njia ya kutoka haraka wakati wa mtikisiko.

Ya tatu ni kuuvuka udongo mbaya kwa nguzo ndefu za zege zinazofika kwenye tabaka gumu. Hii ni ghali, na nguzo zenyewe lazima zihimili kusukumwa pembeni.

Ya nne ni ya nyumba ndogo: msingi uliounganishwa wote kwa zege na nondo, kama sinia moja chini ya nyumba, ili ardhi ikishuka nyumba ishuke pamoja bila kupasuliwa vipande. Nyumba ya namna hiyo yaweza kuinama na watu wakatoka hai. Nyumba ya matofali mabichi, yale ya rukarakara, iliyokaa juu ya mawe yasiyounganishwa haina uwezo huo.

7. Elimu na tawakali

Yupo atakayesema: tetemeko ni qadari, vipimo vya nini? Ndugu yangu, yule bwana aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru na kutawakali, tunajua aliambiwa nini. Kuupima udongo ndiyo kamba ya ngamia. Na kila aliyesoma Suratut Tawba amekutana na mfano wa jengo lililowekwa ukingoni mwa bonde linalomeguka. Mfano ule unahusu nia na ucha Mungu, na tusiugeuze kuwa somo la uhandisi. Lakini msikilizaji asingeuelewa kama hajawahi kuona ukingo ukimeguka na jengo likienda nao.

Turudi kwenye simu ya wazee. Jibu langu lingekuwa hili. Madarasa yajengwe mlimani, hata kama eneo ni dogo, kwa vyumba vichache vilivyofungwa mkanda wa zege, mbali na ukingo wa mteremko. Tetemeko sio sababu pekee: bondeni kuna mafuriko ya masika na udongo wa mboji unaoshuka taratibu hata bila kutikiswa. Kiwanja cha bondeni kibaki shamba la waqfu, na mavuno yake yamlipe mwalimu. Aliyekitoa yu hai. Aulizwe sasa kama anaridhia, na nia yake iandikwe. Hivyo sadaka zote mbili zimefanya kazi, na hakuna mtoto aliyewekwa mahali ambapo sisi wenyewe tusingelala. Maji ya udhu tutayapandisha.

Na simu kama hiyo ikitoka Imbo, ambako hakuna mlima wa kukimbilia, jibu ni moja: msichimbe msingi kabla ya kupima. Gharama ya kipimo iwekwe kwenye bajeti ya kwanza kabisa, kabla ya mabati na kabla ya mnara. Fedha za wachangiaji ni amana, na roho za watakaoswali humo ni amana kubwa zaidi.

Muhtasari

Udongo hugeuka uji pale mchanga legevu, maji na mtikisiko mkubwa vinapokutana. Shinikizo la maji likilingana na uzito wa udongo, chembe huachiana. Maji yakipanda, akiba ya usalama inapungua. Milima ya Gashoho iko salama na jambo hili. Mabonde yake yana hatari ndogo. Tambarare ya Imbo inadai kipimo.

Maswali ya kujipima

1. Kiwanja kina udongo wa tani 1.8 kwa mita ya ujazo, na maji yanaanzia kina cha mita 2. Mkandamizo halisi kwenye kina cha mita 5 ni kiasi gani? (Jibu: tani 6 kwa kila mita ya mraba.)
2. Ziwa likipanda na maji ya kiwanja hicho yakafika kina cha mita 1, jibu linakuwa kiasi gani?
3. Kwa nini shimo tupu la maji machafu linaweza kutokeza juu wakati jengo la jirani linazama?
4. Ukienda likizo nyumbani, uliza kina cha visima vitatu, kiangazi na masika, ukiandike kwenye daftari lako. Uje nacho kwenye darasa letu la muhula ujao, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.